Mapendo, Acha Kumulisha Sifa

Mapendo,

Weye mutoto, uko wapi? Tangu tukuzike mvua imekuja, imeenda, mahindi ya Runingu yamevunwa, na mu usingizi wangu hujaingia hata mara moja. Minye niliyekubeba mu mugongo toka Makobola kwa miguu wakati watu wanakimbia vita, leo unanipita kama muntu wa sokoni. Nikawa nakuachia nafasi pembeni ya mukeka. Hakuna. Nikasema pengine huko hawaruhusu watu kutoka. Halafu nasikia kumbe unatoka. Unakuja kila mara. Unamuruka mama yako, unaenda kwa mutoto wako, Sifa.

Anayeandika hii ni Mama Esta, muke wa shemasi. Unajua minye na kalamu hatujawahi kusalimiana. Kwanza alikataa, akasema Mukristo haandikii wafu. Nikamwambia andika tu, Mungu akitaka kusoma atasoma pia, humu niko na maneno ya kumwambia na Yeye. Sasa ameinamisha kichwa. Nikisema kitu kibaya anakohoa.

Nikupe habari. Baba yake Sifa alifika kwenye kilio na koti jipya, akalia kushinda watu wote, akarudi Fizi kwenye dhahabu yake kabla majivu ya kilio hayajapoa. Sikumulaani. Nilimuacha aende. Mbuzi yako ilizaa mapacha, moja nimewapa vijana waliokuchimbia. Kikwembe, kile kitenge chako cha ndege, sijamupa muntu. Shangazi zako walikiuliza, nikawaambia panya wamekula. Mama Esta amekohoa.

Sasa Sifa.

Tulipokuzika aliacha kula. Hakulia hata kidogo. Anakaa mbele ya bugali moto, na majani ya sombe, na samaki wadogo wa ndagala, halafu anasukuma sahani polepole kama muntu aliyeshiba. Nilimubembeleza, nilimugombeza, nilimuimbia nyimbo za kitoto na hii sauti yangu ya chura. Mashavu yakaingia ndani. Munganga akamupima damu, akasema haoni ugonjwa. Shangazi zako ndio walioona: wakasema ugonjwa ni minye, nilimuwekea mutoto wali wa kilio.

Wali ulibaki, hilo siwezi kukana. Muchele mweupe wa Bwegera, watu wa kanisa walileta mwingi kuliko vinywa. Na unajua vile wanasema kwetu: wali wa kilio haulali, ukilala umwagwe. Minye nimwage wali? Minye niliyewahi kula majani? Niliuanika juu ya bashi, lile turubai la plastiki, mpaka ukakauka, vile ulinionyesha weye mwenyewe, nikasema nitamutengenezea mutoto biskwi ya maskini apate kitu cha kubeba shuleni. Ndiyo wakasema chakula cha marehemu kimefungua mulango. Nakataa. Wali ni wali.

Ni weye ulianza hayo mambo. Watoto walikuwa wanarudi toka masomo wanatetemeka na njaa, na biskwi ya dukani ni ya watoto wa watu. Ukachukua wali wa jana nilioutengea kuku, ukauanika, ukautupa mu mafuta ya moto, ukavimba wote kwa pamoja ukipiga kelele. Karanga ukakaanga mu muchanga, ukazisugua na kuzipepeta. Ufuta kidogo. Sukari ukaiyeyusha na ndimu ili isirudi kuwa chembechembe, na asali ya milimani kama iko. Ukachanganya, ukamimina mu sinia, ukakandamiza na chupa, ukakata ikiwa ingali moto. Nikakucheka, nikasema unalisha watu mabaki ya sufuria. Ukasema, "Mama, ni mabaki yalitulea." Ulikuwa na mudomo, mwana wangu, lakini ulikuwa na haki.

Basi nikatengeneza zangu. Za kwanza ziliungua. Za pili zikavunjika mu mukono kama udongo mukavu. Nikamupa Sifa kipande kilichoshikana kidogo. Akakinusa, akanirudishia minye bibi yake na adabu zote.

"Tate, nimeshiba. Mama ananilisha. Zake hazivunjiki."

Nikamuuliza anakulisha lini. Akasema akilala. Kwamba unakuja na sinia yako, unakaa miguuni pake, unakata, unamutia mu mudomo, na ni tamu.

Mapendo! Kila muntu wa pembeni ya ziwa hili anajua kwamba anayekula na wafu mu ndoto ameshika njia ya kuwafuata. Nilikufundisha ungali mudogo: ukiwaona, wasalimie; wakikupa chakula, funga mudomo. Umesahau? Ama hujasahau? Ni hapo roho yangu inachubuka. Ulienda kuzaa, tukawazika wawili mu sanduku moja. Huyo mudogo hakukutosha? Ulitaka na huyu? Uniachie minye nini, kikwembe cha ndege?

Mama Esta ameweka kalamu chini. Amekunywa maji. Ameichukua tena.

Nikasema nitapigana na weye. Mutoto akilala na tumbo limejaa, chakula chako kitakosa pa kuingia. Nikawasha makaa mu mbabula jua likiwa juu, nikaweka sukari, nikaweka maji, nikakoroga huku nakutukana majina ambayo Mama Esta amekataa kuyaandika. Sifa alikuwa amekaa mulangoni, hana habari na dunia. Mara nasikia nyuma yangu:

"Tate, acha kukoroga. Unaiharibu."

Na hasira. Hasira, Mapendo! Mutoto aliyekuwa na adabu ya maiti. Nikamwambia kama unajua kunishinda njoo ufanye. Akakuja, akaninyang'anya kijiko. Akangoja sukari ichemke yenyewe. Akadondosha tone mu kikombe cha maji baridi, akalibonyeza na vidole, akasema bado. Akangoja tena. Akanigombeza kwamba ndimu ni kidogo. Halafu akamwaga wali, wali ule ule wa kilio, na karanga, na ufuta, akakandamiza na chupa kwa nguvu zote za ile mikono myembamba. Pembe moja iliungua. Akakata hiyo iliyoungua, akaitia mu mudomo, akatafuna. Akakata ingine. Minye nikaangalia ukuta.

Asubuhi aliamka analia. Nikamuuliza nini. Akasema hukukuja. Alikungoja na hukukuja. Alilia mpaka jua likasimama, anapiga mukeka na miguu, anakuita, anakuita. Na minye mama yako nilikaa pale nikamushukuru Mungu kwamba mutoto amekosa mama yake. Umeona mahali umenifikisha? Sitakusamehe upesi. Usitegemee.

Sasa anakula. Anabeba biskwi shuleni, anarudi bila hata chembe kwa sababu anagawa, kama weye, mukono wenye kuvuja. Ananiambia zangu bado ni mbaya. Nakuahidi hivi: nitameza dawa zangu zote, hata zile chungu, sitakufa mpaka huyu mutoto awe na akili ya kuishi. Na shangazi zako wakikuja kumuchukua watanikuta mulangoni na mwiko. Lala, mama. Udongo usikulemee.

Na ukikuja, kwa sababu najua kichwa chako ni kigumu, Sifa analala upande wa ukuta, minye niko upande wa mulango. Simama kwangu. Mutazame vile ameanza kunenepa, lakini mikono yako iwe mitupu. Kama umebeba sinia, kama ni lazima umulishe muntu, niamushe minye. Nitafungua mudomo. Kata ndogo ndogo, meno yangu unayajua.