Unatoka Chumbani, Hutoki Nyumbani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana kichwa kinanichemka na usingizi umenikimbia, mimi ni mama wa watoto wawili, nasoma kuandika programu kwa lugha ya C, na mwenzangu wa kundi ni shoga yangu wa kufa na kuzikana, tumetengeneza programu ya dobi, inauliza: 1 pokea nguo, 2 rudisha nguo, 3 toka, sasa ukibonyeza 3 inaandika "Kwaheri" halafu inauliza tena palepale, kwaheri, tena, kwaheri, tena, na kila chaguo kwenye switch nimeliwekea break, amri ya kutoka, kama mwalimu alivyosema, basi jana mbele ya darasa zima shoga akatazama skrini akacheka, akasema, "Shida yako wewe unatoka chumbani, hutoki nyumbani!" Wote wakaangua kicheko. Mshauri, ni yeye peke yake niliyemwambia kwamba nimehamia chumba cha watoto, mimi na mume wangu hatusemezani, na kuondoka bado sijaondoka, sasa siri yangu ndiyo ya kunipigia kijembe hadharani? Nilibeba mkoba nikaondoka, simu zake sipokei, Ijumaa tunawasilisha kazi na mimi nataka niache chuo, na yeye nisimwone tena maishani, je, nakosea?

Mama Wawili, roho juu

Mama Wawili, hebu kaa kitako kwanza. Kwa ya nyumbani, pole, tena pole ya dhati. Kwa shoga yako, unakosea, tena sana!

Kabla ya kuja kwenye ukurasa huu nilifundisha hiyo hiyo C. Sikiliza. While ndiyo nyumba: inarudia yaliyomo ndani yake maadamu sharti lake ni kweli. Switch ni chumba humo ndani: inatazama namba uliyobonyeza, inakupeleka kwenye kazi yake. Break iliyo ndani ya switch inakutoa kwenye switch tu. Bado umo ndani ya while, nayo inakurudisha kwenye swali. Ndicho alichokuambia, neno kwa neno! Alikupa jibu bure, wewe ukanuna.

Na darasa lilicheka "Kwaheri" isiyoisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nakuelewa, lakini ung'ongo ni ung'ongo, si nyoka.

Usizifute hizo break, la sivyo kazi ya 1 itamwagikia ya 2, nguo zipokelewe na kurudishwa papo hapo, chafu vilevile. Weka kigeu, yaani kisanduku cha kutunzia namba, kiite endelea, kianze na 1. Andika while (endelea). Kwenye chaguo la 3, kabla ya break, andika endelea = 0; kwa C sifuri maana yake si kweli, basi, while itakoma.

Chuo huachi, nisikusikie! Simu piga wewe, leo, kabla hujainjika chungu. Sema, "Nisamehe, nilikusikia vibaya." Ya mumeo nayo yanataka mtu wa kukaa naye uyamwage yote, na mtu huyo unaye. Darasa zima halijui unalala wapi. Yeye anajua, na amenyamaza. Ndiye huyo unayetaka kumtupa?