Picha ya Bi Mwanahawa

Jumanne.

Wameniandikia tena wafadhili wa utafiti wetu wa chanjo ya malaria. Wanataka picha ya mama mwenye huzuni, eti ndiyo inayochangisha.

Basi leo nimekwenda Fukayosi kwa Bi Mwanahawa, ambaye mjukuu wake yumo kwenye majaribio. Nikamwomba asicheke. Akaingia ndani, akatoka na kanga mpya na wanja machoni, kamshika mjukuu mkono.

"Mwanangu, mtoto mzima huyu, unataka nimlilie nani?"

Niliona aibu. Nikampiga picha hivyo hivyo, anacheka mpaka pengo linaonekana, na picha nimeshaituma.

Michango ikipungua nitaulizwa mimi, najua. Lakini si tunahangaika na chanjo hii ili bibi kama yule acheke? Sasa amecheka, nikamlize?