Baba, Ukoo Umeniruhusu Nirudi kwenye Leza

Baba yangu,

Nimefika nyumbani Dabani, lakini wewe umeshazikwa zamani. Habari ya msiba ilinikuta Uingereza ukiwa tayari chini ya udongo. Kaburi lako limeota majani mazuri mno. Ng'ombe wa jirani anayamezea mate, na Mama anamfukuza kwa matusi yale unayoyajua.

Sasa nikupe habari za kazi. Leza ni taa mpya, haijatimiza hata miaka kumi duniani. Mwanga wake ni mwekundu, umenyooka kama uzi. Tunaupitisha kwenye kimiminika, na sehemu ndogo sana hutoka imebadilika rangi. Kwa badiliko hilo tunajua jinsi molekuli, zile chembe zisizoonekana, zinavyotikisika. Siku ya kwanza nilipoliona bomba la kioo la leza nikafanya ulivyofanya na vyungu vyako soko la Busia: nikaligonga kwa kidole, nikatega sikio nijue kama lina ufa. Profesa nusura azimie! Vioo vinavyorudisha mwanga vilihama mahali pake, tukashinda kutwa tukivirekebisha. Ungecheka mpaka ushike mbavu.

Hapa nyumbani sikuwa na cha kucheka. Jumamosi ukoo ulikaa kuamua kama mimi, kifungua mimba wako, nirudi kumaliza utafiti au nibaki kushika mji wako. Baba mdogo Ouma alisema Tororo kuna kiwanda cha saruji, mkemia hakosi kazi pale. Niliogopa, Baba. Naipenda kazi ile, naipenda sana. Nikawaeleza kwamba nagonga kwa mwanga, kama wewe ulivyogonga kwa kidole. Ouma akarudia habari za saruji.

Ndipo senge Nabwire, yaani shangazi, dada yako, akainuka na wembe. Kule ugenini nilijinyoa mwenyewe nikidhani nimetimiza. Kumbe nywele za msiba hunyolewa nyumbani, na mkono wa senge. Akaninyoa mbele ya wote, akasema, "Huyu nakwenda. Lakini kwanza alie. Mtu hapana kwenda mbali na machozi ya baba yake ndani ya tumbo."

Nikalia, Baba. Nililia kama mtoto, bila aibu, na wao wakalia nami. Tulipotulia, Ouma mwenyewe akapangusa macho, akaniuliza garimoshi linaondoka Tororo saa ngapi.

Ni kesho. Nitamaliza utafiti, kisha nitarudi kufundisha watoto wa huku, nitawasimulia nilivyoigonga leza, na nitawaacha wacheke darasani. Pumzika, Baba. Mimi nakwenda.

Mwanao,
Wandera