Jani la Chemchemi ya Tatu

Kabondo, Jumapili, 10 Juni 2001

Mpendwa papa,

Leo baada ya misa nimeizunguka njia yetu peke yangu, mara ya kwanza tangu uondoke.

Njia ni ileile. Unashuka nyuma ya nyumba za mwisho, unafika chemchemi ya kwanza, unapita ukingo wa kinamasi chini ya miti ya miwale hadi ya pili, unavuka magogo, kisha ya tatu, halafu unapanda na kutokea upande mwingine wa mtaa. Haikumchosha hata nyanya. Nikiwa mdogo ulinishika mkono kwenye magogo ukinicheka: "Angalia mademoiselle na viatu yake ya misa. Hata vyura inamukimbia."

Kila chemchemi ulikata jani bichi la mangungu, yale mapana ya kufungia chakula, ukatoa lililokauka, ukachomeka jipya kwenye udongo ili maji yateremke juu yake kama kwenye bomba. Tulikunywa baada ya hapo. Nilikuuliza kwa nini ujisumbue wakati la zamani bado linapitisha maji.

"Maji iko ya Mungu," ulisema. "Jani iko ya mwenye anakuja nyuma."

"Na kama hakuna mwenye anakuja?"

"Alors, utakuja wewe."

Mwaka jana, majeshi ya kigeni yalipopigana mjini mwetu na mabomu yakatulaza chini ya kitanda siku tatu, maji yaliisha. Mimi ndiye niliyesema nina kiu. Nilisema mara moja tu, papa, lakini nilisema. Asubuhi milio ilipopungua ulichukua bidoni la njano la kuchotea maji ukatoka, kandambili mkononi zisipige kelele.

Ulipokawia nilikufuata. Kwenye chemchemi ya kwanza nilikuta jani bichi, maji yanateremka juu yake, na wewe hupo. Nikajiambia: papa amejaza, amerudi, tumepishana kati ya nyumba. Nani angeendelea na mzunguko siku kama ile? Nikageuka. Kabla sijafika mlangoni milio ilianza tena, na nyumba ilikuwa tupu.

Tonton Fidèle, jirani yetu mvuvi, ndiye aliyekuona milio iliponyamaza. Ulikuwa umeendelea na mzunguko: labda risasi zilikuzuia kurudi ulikotoka, labda ni mazoea yako tu. Alisema chemchemi ya pili ilikuwa na jani bichi. Hata siku ile, papa, ulisimama ukabadilisha. Kwenye ya tatu jani lilikuwa la zamani. Wewe ulikuwa umelala kando yake, bidoni limejaa, na jani jipya mkononi.

"Alikufa palepale," tonton ananiambia kila nikimuuliza. "Ungemufuata, tungezika wawili." Ninamshukuru. Kuna siku ninamwamini. Siku nyingine ninahesabu hatua kutoka chemchemi ya kwanza hadi ya tatu, na ninaona ningekukuta ungali na pumzi, hata kama ni kukushika mkono tu.

Kwa hiyo mwaka mzima sikushuka. Nilichota kwa majirani.

Leo nimevaa viatu vya misa, ili unicheke. Kwenye ya kwanza nimebadilisha jani, na kwenye ya pili. Kwenye ya tatu nilikaa chini kwanza. Maji yalikuwa yanatiririka ovyo kwenye matope, jani limekatika vipande. Nimekata bichi, nimelichomeka mahali ulipotaka kulichomeka. Limepinda kidogo upande wa kushoto. Ungelinyoosha.

Nilikuwa bado nimekaa pale alipofika mama mmoja na bidoni lake. Alikinga kiganja, akanywa, akaniangalia.

"Nani aliweka hii jani?"

"Papa yangu," nikasema.

"Umwambie aksanti."

Ndiyo maana ninakuandikia. Sikurudi kwa njia ileile, nimemaliza mzunguko.

Papa, huko uliko, unikumbuke. Na ukinikumbuka, usinikumbuke nikigeuka.

Binti yako, mwenye anakuja nyuma