Dawa ya Kupe na Makinda wa Kwezi

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua, nimechuja maziwa, nimekaa chini ya mparachichi. Makinda ndani ya mzinga mkuukuu uliotundikwa juu yangu bado watatu. Nawachungulia kwa kioo kidogo nilichofunga kwenye fimbo. Vipofu, uchi, midomo wazi tu. Kwezi jike na dume wanapokezana: zizini, wanadonoa kupe na inzi migongoni mwa ng'ombe, wanarudi. Mume wangu anasema nimeuharibu mzinga wa marehemu baba yake kwa ndege wasiotoa asali. Asali yenyewe hajawahi kurina.

Jumatano, 5 Machi
Wazee wa upande wa mchumba wa mwanangu Chacha wanakuja Jumamosi kuchagua ng'ombe wa mahari. Wana macho wale. Watapapasa masikio, watainua mikia, wakikuta kupe mmoja watasema zizi zima gonjwa. Leo nimechanganya dawa mimi, mume wangu akanyunyiza. Kipimo ni kifuniko kimoja kwa ndoo. Nimeweka vitatu, kupe wadondoke wote. Akaniuliza, "Mama Chacha, umepima sawasawa?" Nikasema ndiyo.
Kwezi hawakunijia akilini kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Jike amekufa. Nimemkuta kwenye samadi, miguu imekunjamana, kupe bado mdomoni. Mume wangu anasema dawa ni feki, sumu tupu, muuzaji wa Tarime mjini atamtambua. Nikamwacha aamini hivyo. Najichukia.
Dume bado analisha. Bado anaenda zizini!

Ijumaa, 7 Machi
Namfukuza kwa kanga tangu alfajiri. Anarudi. Kuwaosha ng'ombe siwezi bila kueleza sababu. Mchana nikabomoa kichuguu shambani, nikajaza mchwa kwenye ungo, nikauweka chini ya mparachichi. Hakuutazama. Nikaleta wengine. Saa kumi akashuka, akabeba, akapeleka. Nikalia kama mjinga, na wageni kesho, uwanja haujafagiliwa.
Kinda mmoja hainui kichwa.

Jumamosi, 8 Machi
Yule dhaifu amekufa. Nimemtoa kabla wageni hawajafika. Wamekuja, wamepapasa, wamechagua. Kupe hakuna hata wa dawa. Mzee mmoja akaniambia, "Mama, zizi lako safi. Binti yetu amepata kwa kujifunzia." Nikashukuru, mikono inanuka mchwa. Walipokuwa wanakula nilitoroka mara mbili kuangalia ungo. Mume wangu alinikata jicho.

Jumanne, 11 Machi
Dume amekonda, lakini zizini haendi tena. Wawili wameota manyoya.
Mume wangu ameapa kesho anapanda bodaboda hadi mjini, atamshika shati yule muuzaji mbele ya wateja wake. Ana hasira kweli, na akishika mtu hamwachii upesi. Kijana wa watu hajafanya kosa lolote.

Jumatano, 12 Machi
Nimemwambia. Bodaboda alikuwa ameshapiga honi. Vifuniko vitatu, nikasema, na nilikudanganya. Akaenda kumwambia dereva aondoke. Hajaongea nami siku nzima. Ni haki yake.

Jumapili, 16 Machi
Wameruka saa mbili asubuhi. Mmoja hadi paa la jiko. Wa pili alianguka kwenye mahindi, akatulia, akajaribu tena. Baba yao anawalisha huko huko. Mume wangu alikuwa amesimama nami. Akasema mama yao angefurahi kuwaona. Hakusema kwa ubaya.
Nikaingia ndani kukoroga uji.