Wifi na Viluwiluwi vya Kwenye Tangi

Mwenzangu, nimejifungia bafuni nakuandikia kabla sijamtukana dada wa mume wangu.

Unamkumbuka yule gapi wangu mwekundu, yule samaki wa kwenye tangi mwenye tumbo kubwa niliyekutumia picha yake? Amezaa leo asubuhi. Vitoto vyembamba kama kope, vyote vimejificha kwenye yale majani yanayoelea, maana hawa samaki hula hata watoto wao. Nikaenda kazini nimechanua kama bibi harusi.

Narudi, majani hayapo.

Hayapo kabisa. Yako kwenye pipa la taka.

Wifi amekaa mbele ya tangi na chai yake, ananiambia, "Wifi, humu mlikuwa mnafuga mbu. Viluwiluwi tele. Nimetoa ule uchafu samaki wavione, na wamevila vizuri."

Wamevila vizuri. Vizuri, mwenzangu.

Mume wangu anaangalia dari. Kumbe wifi alishatuma na video kwenye grupu la familia, na mama mkwe kajibu, "Ahsante mwanangu, umewaokoa na malaria." Nikaweka kidole gumba. Ningefanyaje?

Subiri, wifi ananiita.

Nimetoka. Kumbe kuna kitoto kimoja kimebaki, kimejibanza nyuma ya chujio la maji. Nilitaka kulia kwa furaha.

Lakini aliyekiona kwanza ni yeye. Anaomba kijiko akisukume huku mbele, samaki wamalizie.