Wanataka Marehemu Mume Wangu Aimbe Wimbo Alioukataa

Mpendwa Mama Susana,

Naomba unisaidie, na ukiona barua imekuwa ndefu univumilie tu, kwa sababu hapa nyumbani kila nikianza kumwambia mtu shida yangu analia kabla yangu, na wengine wananiambia niombe, na nimeomba mpaka sijui tena niombe nini.

Jina langu ni Risper, niko Karungu, huku ziwani. Mimi na mume wangu Maurice tulikuwa na kikundi cha maigizo ya nyimbo kilichoanza kama kwaya ya kanisa, halafu kidogo kidogo tukaanza kuweka hadithi katikati ya nyimbo, mpaka tukatunga ngano yetu wenyewe ya mfalme wa viboko anayempenda msichana wa kusaga mtama, akatoka majini, akavua ngozi yake akawa mwanaume, akakaa naye msimu mmoja wa mavuno, halafu ngozi yake kule alikoificha ikaanza kukauka na yeye akaanza kudhoofika, na msichana mwenyewe ndiye anamwambia arudi ziwani. Wimbo wa mwisho ni wa kuagana. Maurice alikuwa kiboko, mimi nilikuwa msichana, na hata nilipobeba mimba ya mtoto wetu Valary niliendelea kuwa msichana na tumbo langu mbele, watu walicheka kidogo wakanyamaza wakasikiliza, kwa sababu jukwaani watu wanakubali. Ziwa letu lilikuwa shuka la buluu lililoshikwa na akina mama wawili huku na huku, na kichwa cha kiboko Maurice alikisuka mwenyewe kwa mafunjo. Siku moja tulicheza kule Ogwedhi, siku ya soko la ng'ombe, nikasahau maneno ya wimbo wa mwisho, nikasimama tu nimemshika mkono, na mzee mmoja mwenye fimbo akapiga kelele kutoka nyuma, "Mwache aende, mama! Huoni anakauka?" Soko zima likacheka, Maurice mwenyewe akacheka ndani ya kile kichwa, nikamsikia.

Halafu akaja Tony. Huyu ni kijana wa Migori mjini, alisomea filamu Nairobi, akatuona tukicheza akasema hii si ya kuishia kwa madarasa ya shule na masoko, hii ni ya skrini kubwa. Tulifurahi, Mama Susana, nisikudanganye, nilicheza kama mtoto. Shuka la buluu likawekwa kando, tukaenda kurekodi kisiwa cha Mfangano kwa maji ya kweli, na kichwa cha mafunjo kikaachwa nyumbani kwa sababu Tony alileta kingine cha mpira. Maurice alikuwa amezoea kuimba asikike mpaka nyuma, sasa akaambiwa aimbe polepole, kamera iko karibu inasikia hata pumzi, basi akawa anafanya mazoezi hapa nyumbani akinong'ona huku akimenya mihogo, Valary akamwambia, "Baba, kiboko hanong'oni," naye akamjibu, "Huyu amesoma."

Tulikubaliana karibu kwa kila kitu isipokuwa mwisho. Tony alisema, "Watu wakija sinema wanataka kutoka wakitabasamu. Kiboko abaki, waoane, kijiji kizima kicheze mchangani." Maurice akamwambia, "Kiboko akibaki nchi kavu anakufa, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Mimi siimbi huo wimbo." Tony akacheka akamgusa bega, akasema, "Sawa, kaka, tutaongea tukifika hapo."

Hatukufika hapo. Siku moja asubuhi tukiwa huko kisiwani Maurice alisema kichwa kinamuuma, akaketi kwenye jiwe, akaniambia nimletee maji, na niliporudi na kikombe alikuwa ameanguka upande. Tulimvusha na boti, tukamfikisha hospitali Homa Bay, wakasema ni mshipa umepasuka ndani ya kichwa, na hakuamka tena. Tulimzika hapa nyumbani kwake. Kikundi kiliimba, mimi sikuweza.

Baada ya mazishi watu wakaenda kwao, na nilikuwa nimeanza angalau kuamka nafagia, ndipo Tony akaja pamoja na Mellen, mwenyekiti wa kikundi chetu. Tony alisema pole, na alilia, nakubali alilia kweli, halafu akatoa kompyuta akasema kilichobaki kwa filamu ni wimbo wa mwisho tu, na sasa kuna hii akili unde, ukiipa sauti ya mtu iliyorekodiwa inaweza kumwimbisha hata maneno ambayo hakuyaimba, na uso wake pia unaweza kutengenezwa. Akanisikilizisha. Mama Susana, ilikuwa ni Maurice. Hata ile "sh" yake iliyokuwa inatoka "s," tuliyomcheka miaka yote, kompyuta imeibeba vilevile. Na maneno ya kiitikio aliyokuwa anaimba ni haya: nimebaki nawe, nimebaki, sirudi tena majini.

Nilisahau hata kuwakaribisha chai. Nilimwambia Tony anitumie kwa simu.

Tangu siku hiyo sina maisha. Naenda nayo kuteka maji, naenda nayo shambani, naiweka sikioni ugali unaungua. Valary, ambaye ana miaka minane, aliisikia kutoka nje akakimbia ndani amepoteza kiatu kimoja akaniuliza, "Baba amerudi?" na mimi badala ya kumwambia hapana nikamwacha asikilize. Sasa anaiongelesha. Anaiambia mambo ya shule. Juzi bibi yake alimwita waende kupalilia kaburi, mtoto akakataa, akasema, "Baba hayuko pale, yuko kwa simu." Mama mkwe wangu, mama Phelesia, aliacha jembe pale pale akaja akasimama mlangoni, akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, akaniambia, "Nyar Gwassi, huyo unayemwimbisha humu ndani ni nani? Mtoto wangu nimemzika mimi. Ukimwita kila siku atapumzika lini?" Na tangu hapo haingii kwangu.

Mellen naye kila tukikutana sokoni ananishika mkono, ananiambia, "Risper, sisi wote tumetoka jasho kwa hiyo filamu. Caleb wa ngoma aliacha kuvua kwa sababu yake. Maurice tumemzika, sasa unataka kutuzika na sisi?" Na ni kweli, hawa ni watu walioshika lile shuka la buluu na mikono ikafa ganzi, nitawaambia nini?

Nilijaribu. Nilivuka mpaka Mfangano kufanya mazoezi ya wimbo huo. Mahali pa Maurice alisimama kijana mwingine, mwenye heshima tu, amepakwa alama ndogondogo usoni ili uso wa mume wangu uwekwe hapo baadaye. Akanishika mkono kama ilivyoandikwa. Mkono wake ulikuwa laini. Sauti ya Maurice ikafunguliwa kwa spika, ikaimba, ikafika zamu yangu, nikafungua mdomo hakuna kitu kilichotoka, wakarudia tena na tena, mwishowe Tony akasema tupumzike, nikapanda boti nikarudi.

Sasa Tony anataka nitie sahihi kwamba familia imekubali, kabla ya mwezi kuisha. Na sehemu mbaya zaidi ambayo sijamwambia mtu ni hii, Mama Susana: nataka kutia sahihi. Si kwa ajili ya Mellen wala Caleb. Nataka kuketi kwenye giza la sinema nimwone mume wangu kwa ukubwa ule akisema amebaki. Najua si yeye, na bado nataka. Sili, silali, kuna siku naona hata kuishi kwenyewe ni kazi ambayo sina nguvu nayo. Nifanye nini?

Risper, Karungu

MAMA SUSANA ANAJIBU

Risper mwanangu, pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimeiweka chini nikatoka nje kwanza.

Naanza na maneno yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo yaliyonitisha. Umesema kuishi ni kazi usiyo na nguvu nayo. Leo hii, si kesho, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, mwambie muuguzi maneno hayo hayo kama ulivyoniandikia mimi, usiyapunguze makali ili uonekane jasiri. Na usiende peke yako. Nenda na mama Phelesia. Ndiyo, huyo huyo asiyeingia kwako. Yule mama amezika mtoto, halafu anamsikia mtoto huyo akiimba kupitia dirisha la mkaza mwana wake. Ulitaka aingie akae wapi? Mfuate wewe. Mwambie, "Mama, nisindikize," utaona kama atakataa.

Sasa tuje kwa sahihi. Usiitie. Uliniandikia jibu mwenyewe bila kujua: Maurice alisema, "Mimi siimbi huo wimbo." Alisema akiwa mzima, akili zake zikiwa timamu, mbele yako na mbele ya Tony. Mtu akisema hapana halafu akafa, hapana yake haigeuki kuwa ndiyo. Tony alisema wataongea wakifika hapo, na sasa amefika hapo na mtu ambaye hawezi tena kubishana naye. Simwiti mtu mbaya, huenda naye anazama na filamu yake. Lakini hilo alilolifanya, kukuletea sauti ile nyumbani kwako na udongo wa kaburi haujashikana, halikuwa jambo la mtu aliyefikiri.

Hamu yako ya kumwona mume wako mkubwa kwenye skrini siishangai. Nani asingetaka? Lakini utamwona, Risper. Filamu nzima yupo, ameimba mwenyewe, amenong'ona mwenyewe kama alivyofundishwa. Hayo yote aliyakubali, na hakuna anayekuomba uyafute. Kinachokataliwa ni wimbo mmoja.

Itisha kikao cha kikundi, Tony awepo, kifanyike mchana kanisani kwenu. Usimkwepe Mellen, jasho lake ni la kweli na anastahili kuambiwa ukimtazama usoni. Waambie hivi: mwisho urudi kuwa ule mlioucheza miaka yote, wa kuagana. Kiboko akishaingia majini haonekani, hamhitaji uso wake wala sauti yake. Anayebaki ufukweni ni msichana. Imba sehemu yako, na inapofika zamu ya Maurice, Caleb apige ngoma yake na watu wasikie kwamba hakuna anayejibu. Kama bado sauti haitoki, mwambie Tony asubiri, asikusukume na mambo ya mwisho wa mwezi. Na karatasi yoyote utakayoletewa usiiwekee kalamu kabla wakili hajaisoma. Uliza mahakamani Homa Bay wakuelekeze kwa wanaosaidia watu bila malipo.

Sitakudanganya kwamba watakubali. Tony anaweza kukataa, filamu ikafia hapo, Caleb akarudi kuvua na Mellen akapita karibu nawe sokoni bila salamu. Itauma, na itauma kwa muda mrefu. Sina dawa ya hilo. Nakwambia tu kwamba hata hilo utaliweza kuliko kuishi na mume aliyetengenezwa.

Halafu hiyo simu. Hapa nitakugombeza. Umekuwa unaenda nayo kisimani na shambani, na mtoto wa miaka minane umemwachia maswali. Alikuja mbio na kiatu kimoja akakuuliza kitu kimoja tu, nawe ukampa wimbo. Ile sauti ifute leo, na umwambie Tony aifute kwake nawe ukishuhudia. Najua nyumba itakuwa kimya. Lazima kuna rekodi za Maurice mwenyewe za siku za kwaya, akikosea, akikohoa, akicheka. Hizo mwekee Valary, na umpe siku utakayoona anaweza kusikiliza bila kungoja ajibiwe.

Lakini kabla hujafuta, mwite mtoto, keti naye chini, mwambie baba amekufa. Usiseme amesafiri, usiseme amelala. Mwambie ile sauti imetengenezwa na mashine, na kwamba mama alijua akanyamaza kwa sababu alikuwa na huzuni nyingi. Atakukasirikia, mwache akukasirikie. Atakuuliza kama ni kweli baba hakusema amebaki. Mwambie hakusema. Uwe umemshika unapomwambia, maana mtalia nyote wawili, na hapo hakuna wa kuwanyamazisha, wala msinyamazishwe.